Ndege Angani, Vita Ardhini: Kutoka Daraja la Kyaka hadi Jangwa la Chad

Mhadhara huu unahusu ndege za kivita, lakini utaanzia kwenye daraja.

Daraja la Kyaka, juu ya Mto Kagera, ndilo lililobeba barabara kuu ya kutoka Bukoba kwenda Mutukula mpakani mwa Uganda. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia mwishoni mwa Oktoba 1978 na kulishika eneo lote la kaskazini ya mto, kilomita za mraba zipatazo 1,800, makamanda wa Kampala walijua kwamba daraja hilo likiachwa, askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) watarudi kwa kupitia hapo hapo. Wakaagiza lipigwe kutoka angani. Ndege za Uganda aina ya MiG zikaja, zikarudi, zikaja tena. Mabomu yakaanguka pembeni na daraja likabaki limesimama. Mwishowe aliletwa mtaalamu wa kulipua miamba kutoka migodi ya shaba ya Kilembe, magharibi mwa Uganda. Baruti zikategwa kwenye daraja lenyewe, na tarehe 3 Novemba likavunjika.

Kazi iliyowashinda marubani wa MiG ilimalizwa na fundi wa mgodini.

Kisa hiki hakisimuliwi hapa ili kuwadharau marubani. Kuirusha ndege ya kivita juu ya mizinga ya adui kunahitaji moyo na ujuzi ambao wengi hawana. Kinasimuliwa kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo sinema na magazeti hulificha: siku ya mapigano ya angani huamuliwa na watu walio chini. Kuna anayechagua shabaha, anayejaza mafuta, anayekesha mbele ya rada, anayebeba kombora begani, na askari wa miguu anayefika kwenye uwanja wa ndege kabla ndege hazijapaa. Vita vya Kagera vilithibitisha hivyo, na miaka michache baadaye vita vya jangwani kati ya Chad na Libya vikathibitisha tena, kwa ndege za aina ile ile.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini habari za Kagera zizungumzwe hapa Arusha, chini ya Mlima Meru, mbali na Ziwa Viktoria. Jibu liko karibu. Chuo cha maofisa wa jeshi letu kiko Monduli, mwendo mfupi tu kutoka mjini hapa. Na mkutano uliowaunganisha Waganda waliokuwa uhamishoni, ambao ulizaa chama cha UNLF chini ya Yusuf Lule, ulifanyika Moshi, kilomita 80 hivi kutoka Arusha, tarehe 24 hadi 26 Machi 1979. Wakati wajumbe wa Moshi wakijadili nani ataongoza Uganda baada ya Amin, vita vilikuwa vimeshavuka mpaka, Masaka na Mbarara zimeshaanguka, na rafiki wa Amin huko Tripoli alikuwa akijiandaa kupeleka ndege kubwa kuliko zote zilizowahi kuitisha Tanzania.

Kabla ya kufika huko, turudi nyuma kidogo. Katika Oktoba 1978 ndege za Uganda ziliushambulia mji wa Bukoba. Hasara ya majengo ilikuwa ndogo. Mshindo wa mabomu ulipasua vioo vya madirisha, na watu wakashikwa na taharuki. Hili nalo lihesabiwe. Raia ambaye hajawahi kusikia ngurumo ya ndege ya kivita ikipita chini juu ya paa lake hawezi kujua kwamba bomu limekosa shabaha. Anachowaza ni watoto wake wako wapi, na njia ya kutokea mjini iko upande gani. Bomu lililokosa daraja au kambi linaweza kuujaza mji mzima hofu, na hofu hiyo ni silaha tosha. Lakini hofu haishiki ardhi. Mateso makubwa ya wananchi wa Kagera yalifanywa na askari waliofika kwa miguu na magari: raia wapatao 1,500 waliuawa, ng'ombe kwa maelfu walisombwa, kiwanda cha sukari kiliporwa. Magofu ya kanisa la Kyaka yangali yamesimama kando ya barabara, na kila apitaye anayaona.

Sasa tuitazame hesabu ndogo ambayo kila rubani anaijua. Ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa hupita mita 250 kwa sekunde moja. Rubani akichelewa sekunde moja kubonyeza kitufe cha kuachia bomu, bomu hilo huangukia robo kilomita mbele. Rubani wa Uganda au wa Libya wa miaka ile hakuwa na setilaiti ya kumwonyesha mahali alipo, wala bomu lenye macho ya leza. Kulikuwa na ramani, saa, rada ya ndege na jicho. Ukiongeza moshi wa mizinga kutoka chini na jasho ndani ya kofia, utaelewa kwa nini daraja jembamba juu ya mto lilikuwa shabaha ngumu sana.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoiokoa Mwanza.

Mwishoni mwa Machi 1979 Muammar Gaddafi wa Libya, rafiki yule wa Amin, alimtaka Mwalimu Nyerere aondoe majeshi yake Uganda katika saa 24, la sivyo Libya itaingia vitani. Ukweli ni kwamba askari wa Libya walikuwa wameshaingia. Walikuwa wamepigana huko Lukaya mapema mwezi huo. Mwalimu alikataa, na akawaeleza wananchi waziwazi kuhusu tishio hilo. Tarehe 29 Machi, siku tatu baada ya kufungwa kwa mkutano wa Moshi, ndege moja ya Libya aina ya Tu-22 ikaruka kuelekea Mwanza. Shabaha yake ilikuwa maghala ya mafuta.

Tu-22 haikuwa ndege ya kuchezea. Wasovieti waliiunda ipeleke mabomu mazito kwa kasi inayozidi ya sauti. Urefu wake ulikuwa mita 41 hivi, na ilirushwa na watu watatu waliokaa mmoja nyuma ya mwingine. Viti vyao vya kuokolea maisha viliwatupa nje kwa kupitia sakafu ya ndege badala ya juu, kwa hiyo hatari ikitokea wakati ndege iko chini karibu na ardhi, hawakuwa na njia ya kujiokoa. Kwa sababu hiyo ilifaa zaidi kurushwa juu, mbali na mizinga. Na ukiwa juu, kwa kasi ile, ghala la mafuta la mji wa Mwanza ni nukta tu kando ya maji.

Ikakosa. Mabomu yaliangukia kisiwa cha Saanane, kipande cha mawe na miti kilichomo ziwani kando kabisa ya mji, ambacho wakati ule kilikuwa hifadhi ndogo ya wanyama na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Swala kadhaa walikufa. Mji haukuguswa. Ni rahisi kukumbuka habari ya swala kuliko habari ya ndege, lakini ni vyema kukumbuka jinsi shabaha iliyokosekana ilivyokuwa karibu. Kama mabomu yale yangeangukia matangi ya mafuta, moto ungekula nyumba za watu, na vikosi vyetu vilivyokuwa njiani kuelekea Kampala vingekosa dizeli. Vikosi hivyo vilikuwa mamia ya kilomita kutoka bohari zao. Kifaru kisicho na mafuta ni mzinga usiosogea.

Aliyechagua shabaha ile alijua anachofanya. Waliotekeleza ndio walioshindwa, kwa umbali mdogo sana. Siku chache baadaye ndege za Tanzania zilijibu kwa kuyashambulia maghala ya mafuta katika miji ya Uganda. Pande zote mbili zilijua udhaifu wa mwenzake uko wapi, na haukuwa angani.

Kuna tukio lingine ambalo ni chungu zaidi, na ambalo kwa miaka mingi halikusemwa hadharani. Mwanzoni mwa vita, watunguaji wa ndege wa JWTZ karibu na Musoma waliziona ndege za kivita zikija. Wakafyatua. Ndege tatu zikaanguka. Zilikuwa zetu.

Tusiwahukumu haraka askari wale. Uganda ilikuwa na MiG zilizonunuliwa Umoja wa Kisovieti. Tanzania nayo ilikuwa na MiG za Kisovieti pamoja na ndege za Kichina ambazo zilikuwa nakala za MiG hizo hizo. Mtu aliye nyuma ya mzinga anaona umbo jeusi lenye mabawa yaliyopinda nyuma, na kwa mita 250 kila sekunde ana muda usiozidi kuvuta pumzi mara mbili tatu. Alama za rangi mkiani haziwezi kusomeka. Ameambiwa kwamba ndege za adui zimeshapiga Bukoba na kwamba zinaweza kuja kwake. Kama hakuna simu inayofanya kazi kati ya uwanja wa ndege na kikosi chake, kama hakuna aliyemwambia kwamba ndege zetu zitapita saa fulani kutokea upande fulani, kidole chake kitamwamulia.

Miaka 24 baadaye, katika jangwa la Irak na Kuwait, jeshi tajiri kuliko yote duniani lilifanya kosa lile lile. Tarehe 23 Machi 2003 kombora la Patriot la Marekani liliitungua ndege ya Uingereza aina ya Tornado iliyokuwa ikirudi kituoni Kuwait, na wanajeshi wake wawili wakafa. Siku kumi baadaye Patriot nyingine ikaitungua ndege ya Marekani yenyewe. Hapo palikuwa na kompyuta, rada za kisasa na vifaa vya kujitambulisha vinavyojibu vyenyewe. Mnamo Aprili 1994, kaskazini mwa Irak, marubani wa Marekani walizitungua helikopta mbili za jeshi lao mchana kweupe, na watu 26 wakapoteza maisha. Kwa hiyo aibu ya Musoma si aibu ya umaskini wala ya Uafrika. Ni gharama ya vita vinavyokwenda kasi kuliko mawasiliano ya watu wanaovipigana, na waliokufa Musoma wanastahili heshima sawa na waliouawa na adui.

Tukirudi Uganda, jeshi la anga la Amin nalo lilikuwa na tatizo lake, na chanzo chake kilikuwa ardhini vilevile. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 makomando wa Israel walitua Entebbe kuwaokoa mateka, na kabla ya kuondoka waliziteketeza ndege za kivita za Uganda zilizokuwa zimeegeshwa pale, karibu 11. Hakuna hata moja iliyopaa. Usiku mmoja ulitosha kumpokonya Amin sehemu kubwa ya nguvu zake za angani, miaka miwili tu kabla ya vita vya Kagera.

Kisha Entebbe ikafungwa kabisa na askari wa Tanzania. Operesheni Chakaza, yaani mashambulizi ya JWTZ ya kujibu uvamizi, ilikuwa imeshavuka mto Novemba kwa daraja la muda, ikachukua Mutukula Januari, Masaka Februari, ikawatimua Walibya Lukaya Machi. Kilichowatisha zaidi askari wa Amin hakikuwa ndege zetu. Ilikuwa mizinga ya roketi iliyopakiwa kwenye malori, ambayo watu wa Uganda waliipa jina la saba saba. Tarehe 7 Aprili 1979 JWTZ waliuingia uwanja wa Entebbe. Ndege ya uchukuzi ya Libya aina ya C-130 ilikuwa ikijaribu kupaa na askari. Ikapigwa na kombora la kurushwa kutoka begani, na watu wapatao 30 wakafia ndani yake. MiG zilizobaki zilikutwa chini. Siku nne baadaye Kampala ilikuwa mikononi mwa askari wa Tanzania na wapiganaji wenzao wa Uganda.

Sasa twende jangwani, kwa sababu huko ndiko Gaddafi alikopeleka ndege zake baadaye, na huko ndiko alikolipia tena.

Kaskazini mwa Chad, katika mchanga wa Sahara, Libya ilijenga kituo kikubwa cha ndege mahali paitwapo Ouadi Doum. Pale hapakuwa na mji wala shamba. Palikuwa na njia ya kurukia ndege ya mabamba ya chuma, yenye urefu wa kilomita karibu nne, iliyotandazwa juu ya mchanga. Tarehe 16 Februari 1986 ndege aina ya Jaguar za Ufaransa, iliyokuwa ikiisaidia Chad, ziliruka kutoka Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, zikajazwa mafuta angani njiani, zikapita chini sana juu ya jangwa na kuipiga njia ile kwa mabomu ya kutoboa njia za kurukia ndege. Kesho yake Libya ikajibu. Tu-22 moja ikaruka hadi N'Djamena na kuutoboa uwanja wa ndege wa mji mkuu wa Chad. Safari hii haikukosa.

Ukiishia hapo, utasema ndege ndizo zilizokuwa zikitawala. Lakini njia ya Ouadi Doum ilitengenezwa, na ya N'Djamena ikatengenezwa, na vita vikaendelea. Mwaka uliofuata Wachadi walipanda magari ya Toyota yenye makombora ya kupigia vifaru, wakaizunguka Ouadi Doum kwa kasi jangwani, na tarehe 22 Machi 1987 wakaiteka. Walibya zaidi ya 1,200 walikufa. Ndege, helikopta na rada zilizonunuliwa kwa fedha za mafuta zikakutwa pale pale, na nyingine zikapigwa picha na waandishi wa habari wa dunia nzima. Mnamo tarehe 5 Septemba Toyota zile zilivuka mpaka hadi ndani ya Libya, zikaingia kituo cha ndege cha Maaten al-Sarra na kuziteketeza ndege zaidi ya 20 chini. Siku mbili baadaye Libya ikatuma Tu-22 mbili kulipiza. Moja ikatunguliwa na kombora la Wafaransa juu ya N'Djamena. Tarehe 11 Septemba pande mbili zikasimamisha vita.

Ndege ya aina ile ile iliyokosa Mwanza kwa sekunde chache, miaka minane baadaye ilianguka N'Djamena kwa sababu watu wa chini walikuwa wameshajifunza kuingoja.

Wapo watakaosema kwamba Ghuba mwaka 1991 ilibadilisha kila kitu, kwamba siku ya kwanza ya vita vile ndege za muungano ziliruka zaidi ya safari elfu moja na Irak ikapofuka. Hata hiyo itazamwe vizuri. Pigo la kwanza la usiku ule wa tarehe 17 Januari lilifanywa na helikopta zilizopita chini chini jangwani na kuvipiga vituo viwili vya rada. Kabla ya kwenda Baghdad ilibidi kwanza wafumbwe macho askari waliokaa mbele ya skrini katikati ya mchanga. Makamanda wa Marekani walijua yale yale ambayo mtu wa Musoma angewaambia: asiyeona anayekuja hawezi kupigana naye, na aonaye vibaya atajipiga mwenyewe.

Tanzania ililipa gharama kubwa kwa vita vya Kagera. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na wanaokumbuka foleni za sukari, sabuni na mafuta ya taa katika maduka ya Arusha wanajua kwamba miezi hiyo ilirefuka ikawa miaka. Mashujaa wengi wamelala Kaboya, wilayani Muleba. Jenerali David Musuguri, aliyeongoza mapigano yale uwanjani, alifariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Pamoja naye yameondoka mambo ambayo hayataandikwa tena na mtu aliyeyaona.

Na hapa ndipo ombi la mhadhara huu. Vitabu vilivyopo kuhusu vita vya Kagera vinawataja makamanda, na ni haki yao. Havimtaji vya kutosha askari wa mzinga wa kutungulia ndege aliyekesha karibu na Musoma, dereva wa lori la dizeli aliyepita Mwanza siku ile ya Machi, fundi wa rada, mama wa Bukoba aliyewakusanya watoto chini ya kitanda. Baadhi yao bado wako hai. Wengine walirudi na kuishi Usa River, Tengeru, Ngaramtoni, Monduli na mitaa ya Sakina na Kaloleni. Wana miaka sabini na kitu sasa, na wajukuu wao wana simu zenye uwezo wa kurekodi sauti kwa saa nzima. Kila familia yenye mzee kama huyo iketi naye, imuulize aliona nini, alifyatua wapi, nani alikuwa kushoto kwake, na nani hakurudi. Iandike majina ya vijiji na tarehe kadiri anavyozikumbuka. Kisha nakala ipelekwe Makumbusho ya Azimio la Arusha, pale Kaloleni karibu na Mnara wa Mwenge, au kwenye maktaba ya mkoa, ili mwanafunzi wa Monduli wa miaka ijayo azisome habari za watunguaji wa ndege kutoka vinywani mwao wenyewe. Walio na wazee wa namna hiyo nyumbani wasingoje Siku ya Mashujaa ya tarehe 25 Julai. Waanze wiki hii.